Gramu Mia Mbili Zisizoandikwa

Kwenye senta ndogo upande wa Kibabi, katika milima ya Masisi, Marcellin alijulikana kwa vitu viwili: mizani ya shaba na ubishi. Mizani ilikuwa mali ya serikali. Ubishi alizaliwa nao.

Alikuwa karani wa posta. Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye dirisha moja la kuhudumia watu, kabati moja, na benchi nje ukutani ambapo watu walikaa hata kama hawana barua. Lori la barua lilishuka kwenda Sake na Goma siku ya Alhamisi, likarudi Jumamosi, njia ikikubali. Wakati wa mvua njia ya Masisi ilikubali pale ilipotaka yenyewe, na Marcellin aliandika kila uchelewaji kwenye daftari ambalo hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kulisoma.

Kabla ya hapo alikuwa amepima maua ya pareto kwa miaka kumi na mmoja, kwenye shamba la mzungu mmoja juu kule kwenye baridi. Wanawake walileta maua makavu kwenye magunia, yeye akapima, akaita uzito kwa sauti, akaandika. Hapo ndipo alipojifunza kuamini mshale wa mizani kuliko macho ya mtu, yakiwemo ya kwake. Mwaka 1958 Mbelgiji wa posta alimchukua kuwa msaidizi kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mwaka 1960 Mbelgiji huyo aliondoka asubuhi moja na mbwa wake na redio yake, akaacha funguo mezani na kitabu kinene cha kanuni. Marcellin alingoja wiki nzima mtu aje kuchukua funguo. Hakuja mtu. Siku ya nane akafungua dirisha mwenyewe, na tangu siku hiyo posta ikawa yeye.

Kitabu alikisoma chote, lakini sura aliyoipenda ni ile ya vifurushi vya kwenda nchi za nje. Ilisema kwamba kila kifurushi kinachotoka nchini kifuatane na karatasi ya forodha: nani anatuma, nani anapokea, ndani mna nini, kila kitu peke yake, idadi yake, uzito wake, thamani yake, na sahihi ya mtumaji chini. Yaliyoandikwa yasipolingana na yaliyomo, kifurushi kitazuiliwa, au kitarudishwa, au kitaharibiwa. Neno hilo la mwisho alilipigia mstari kwa penseli nyekundu.

Shida ni kwamba watu wa milima ile walikuwa na adabu, na adabu haipatani na karatasi za forodha. Zawadi kwao haitajwi kabla aliyepewa hajaifunua. Anayeibeba huibeba imefunikwa. Anayeipokea huiweka kando, akaifungua wageni wakishaondoka. Kusimama dirishani, watu wanne wako benchini nyuma yako wametega masikio, ukatamka kwamba unamtumia ndugu yako mashati mawili na majani ya chai, hilo lilikuwa sawa na kuvua nguo sokoni. Kwa hiyo walisema wanatuma vitu. Vitu gani? Vitu vya kumpa.

Papa Honoré, mzee mmoja wa pale senta, alipoleta asali ya kumpelekea mwanawe Kampala, alisema ni dawa. Hakudanganya sana, maana asali kweli hutibu kikohozi.

"Niandike dawa, kule duane ya Uganda bataomba kartasi ya munganga," Marcellin alimwambia. "Hii ni asali, Papa. Naandika asali."

"Basi ni weye njo unamupa mutoto wangu asali," Papa Honoré akajibu, "ju weye njo wa kwanza kuitaja."

Hakumsalimia karani mwezi mzima. Marcellin hakuumia. Asali ilifika.

"Kartasi haina masikio," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wote. "Haisikie kile uko nayo mu roho. Inajua tu kile kimeandikwa." Hakukubali mtu aache nafasi ya thamani wazi, wala aandike sifuri. Hakukubali mtu alete kifurushi kimekwisha shonwa. Lazima kila kitu kitandazwe mezani, kihesabiwe, kipimwe, ndipo yeye mwenyewe akizungushie amerikani, akishone kwa shazia, ile sindano ya magunia, na kugonga lakiri kwenye mafundo. Na kifurushi kikiingia kutoka nje, alimwita mwenye nacho na kumsomea kwa sauti kile kilichotajwa kwenye karatasi kabla ya kumruhusu afungue, kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Wanawake walijifunika nyuso kwa kanga.

"Unawavua watu nguo pale dirishani," mkewe Sidonie alimwambia zaidi ya mara moja.

"Kitabu kimesema," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Katika miaka saba vilipita mikononi mwake vifurushi mia mbili na kumi na viwili vya kwenda nje, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Hakujisifu kwa hilo. Alilitaja tu kwa kila mtu aliyekaa benchini muda wa kutosha.

Mwisho wa Novemba 1967, kelele za bunduki upande wa Bukavu zilipokuwa zimetulia na lori kuanza tena kupita kwa siku zake, Nyiransabimana alishuka kutoka kilima chake, mwendo wa saa moja na nusu kwenye mvua, akiwa na kitu kifuani kilichofunikwa kwa nguo.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mkulima wa maharage, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Habari zake senta nzima ilizijua. Mtoto wake wa kwanza, Libérata, aliingia kwa masista mwaka 1961, na masista wakampeleka Ubelgiji kusomea utawa. Baba alitia sahihi. Mama alikataa. Alisema alizaa mtoto ili naye azae, na kama Mungu anataka watu wasiozaa, basi angewaumba hivyo tangu mwanzo. Padri alikwenda kumwona mara mbili, akatoka na kikapu cha viazi na hakuna kingine. Tangu mwaka huo hakumpelekea binti yake salamu hata moja. Barua za Libérata zilipofika, kijana wake Théoneste alizisoma kwa sauti ndani ya nyumba, na mama alitoka nje kuangalia mbuzi. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na mbuzi walikuwa wawili tu, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hayo.

Sasa barua ilikuja kusema kwamba tarehe kumi na tano Agosti ya mwaka ujao, sikukuu ya Mama Maria, Libérata ataweka nadhiri za daima. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Nyiransabimana aliweka mzigo wake mezani na kuondoa nguo. Ilikuwa agaseke, kile kikapu kidogo chenye mfuniko uliochongoka, kipya, chenye michoro myeusi. Watu wa benchini wote wakageuka kuangalia barabara. Kwao binti akienda kwake, mama humfuatishia kikapu. Kikapu ndicho kinachosema: nenda, nimekuruhusu. Asiyefuatishwa kikapu ameondoka kama mtu aliyetoroshwa, hata akiwa amefungishwa ndoa na askofu. Libérata alikuwa hajafuatishwa kikapu miaka sita.

Marcellin naye alielewa, lakini hakubadilisha sauti.

"Fungua, Mama. Ndani muko nini?"

"Vitu vya mutoto."

Akafunua mwenyewe. Akatoa kitenge kilichokunjwa, akakipima. Akatoa shanga, akazipima. Akapima kikapu na mfuniko wake kwa macho ya mzoefu, kwa kuwa vikapu kama hivyo alikwisha kupima vingi na vyote vilikuwa gramu mia tatu na hamsini. Chini kabisa mlikuwa na konzi mbili za maharage. Akayaona. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulikana baadaye: aliyaona. Lakini aliyaona jinsi mtu anavyoona kitako cha kikapu.

Kwa maana kwenye milima ile kikapu hakitolewi kitupu. Ukiazima kikapu cha jirani, unakirudisha na kiazi ndani, au mtama, au chochote. Ukitaka kutia zawadi, kwanza unatia mbegu kidogo chini ili zawadi ipate pa kukaa. Mbegu hizo si zawadi, na hakuna anayezihesabu. Ungemuuliza Nyiransabimana anatuma nini, asingetaja maharage, na si kwa kuficha. Marcellin aliyewanyang'anya watu wote siri zao mbele ya benchi, alirudisha kitenge na shanga juu ya maharage yale, akafunika, akaandika: kikapu, kimoja, kitenge, kimoja, shanga, mkufu mmoja. Kinyozi hajinyoi.

Akashona, akagonga lakiri, akaweka kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na gramu mia nne na hamsini.

Hapo akaanza kujumlisha. Kikapu mia tatu na hamsini, kitenge mia sita, shanga mia moja. Amerikani, uzi na lakiri ni mia mbili, kila mara. Yeye mwenyewe alipenda kuwaambia watu hivyo. Jumla ilipaswa kuwa elfu moja mia mbili na hamsini. Akatazama nje, akaona mvua, akajiambia kikapu kimenyonya maji njiani. Akaandika uzito jinsi mizani ilivyosema. Nyiransabimana akatia kidole gumba kwenye wino, akabandika, akaondoka bila kuuliza kitafika lini.

Kilirudi Jumamosi moja ya Aprili.

Marcellin alikitoa kwenye gunia la barua akadhani ni cha mtu mwingine. Amerikani ilikuwa imekatwa na kushonwa upya kwa uzi mweupe usio wake. Juu ilibandikwa karatasi ya forodha ya Ubelgiji, na kwa wino mwekundu mtu alikuwa ameandika kwa Kifaransa maneno matatu tu, kwamba mna mbegu zisizotajwa. Akayasoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoa nakala yake kabatini. Hakuhitaji penseli. Gramu mia mbili zilikuwa zimekaa pale kwenye karatasi kwa miezi mitano, kwa mwandiko wake mzuri, zikimngoja azitaje.

Sidonie alileta ugali, ukapoa. Aliporudi kuchukua sahani alimkuta ameketi vilevile, kifurushi mbele yake.

Aibu ilimwuma, ndiyo, lakini haikuwa aibu peke yake. Alijua mama yule ataona nini. Washenga wakipeleka kikapu kwa watu, kikirudi na kitu kingine ndani, mambo yamekubaliwa. Kikirudi na kile kile ulichotia, umekataliwa, na hakuna haja ya maneno. Nyiransabimana alikuwa amefungua mdomo mara moja katika miaka yote hiyo, na kikapu ndicho kilikuwa neno lake. Sasa kilikuwa hapa, maharage yake ndani, hata moja halijapungua. Agosti ilikuwa miezi minne mbele, na njia ya Goma, Kinshasa, Matadi na baharini ilikula zaidi ya miwili hata ikienda vizuri.

Alijaribiwa. Jumapili nzima kanisani hakumsikia padri. Angeweza kuyatoa maharage, kushona upya, kuandika karatasi mpya iliyo safi, kubandika, kutuma Alhamisi, na asijue mtu. Kikapu kingefika. Kisha kichwani akamwona Libérata akitia mkono chini, kwa sababu ni binti wa milima ile na lazima atie mkono chini, na vidole vikagusa ukindu mtupu. Mkono mtupu haulambwi. Kikapu kama hicho ni afadhali kisifike.

Jumanne asubuhi alifunga dirisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na baba yake, akachukua kifurushi akapanda kilima.

Nyiransabimana alikuwa uani akipeta. Alikijua kikapu chake chini ya amerikani kabla karani hajafika kwenye ua. Akaweka ungo chini.

"Amekatala," akasema.

"Hapana, Mama. Hajakiona. Hakikufika kwake." Marcellin alikuwa anahema, na si kwa sababu ya kilima tu. "Batu ba duane njo bamekirudisha. Na si kosa yao. Ni miye njo nilikosa."

Alikuwa hajawahi kusema maneno hayo, si kwa mzungu wa pareto, si kwa Mbelgiji wa posta, si kwa Sidonie. Yalimtoka vibaya, na ilimbidi aanze tena. Akamweleza karatasi, mizani, zile gramu mia mbili.

"Uliona maharagi?" mama akauliza.

"Niliona."

"Na haukuandika."

"Sikuandika."

"Ju ya nini?"

"Ju ni kitunga, Mama. Kitunga iko na maharagi chini."

Nyiransabimana akamwangalia kwa muda mrefu, yeye na koti lake la posta na viatu vilivyojaa matope.

"Kumbe na weye uko muntu," akasema, akamletea kiti.

Kisha akataka aelezwe. Wale watu wa Ubelgiji wana mashamba, wana magari, wana ndege. Wanaogopa nini kwenye konzi mbili za maharage?

"Banaogopa itaota," Marcellin akasema. "Mbegu ya inchi ingine inaweza kuya na wadudu ao ugonjwa. Ikiota kule, inaharibu mashamba yao."

"Itaota."

"Njo vile."

"Itaota wapi? Kwa masista?"

Marcellin akamwambia njia zilizobaki, kama kitabu kilivyozipanga. Kuna cheti cha mtu wa kilimo, kinachosema kwamba mbegu ni nzima; hicho kinatoka mbali, na mara ya mwisho alipokiombea mtu kilichukua miezi minane. Kuna kuyatoa maharage. Na kuna kuyakaanga. "Ikikaangwa si mbegu tena. Ni chakula. Naitaja kwa kartasi, inapita."

Mama akakata uzi mweupe wa Ubelgiji kwa meno, akafunua, akatoa kitenge na shanga akaviweka gotini. Akachota maharage, akayaangalia.

"Haya si ya kula," akasema. "Ni ya mbegu. Nilichagua moja moja mu kibindo ya mbegu. Nilisema, atayaona, atakumbuka shamba." Akayageuza kiganjani. "Nilisema, labda."

Ndipo Marcellin akaelewa alichokipitisha mezani kwake Novemba bila kukiandika. Kikapu kilisema nenda. Maharage chini yake yalisema rudi. Kwa mama yule yote mawili yalikuwa kweli, na karatasi ingemlazimu achague moja.

Karani alikuwa na neno lake la siku zote kuhusu karatasi na masikio, na kwa mara moja alilimeza.

Kuku wakaingia kwenye ungo, na Nyiransabimana hakuwafukuza. Mwishowe akainuka, akaingia jikoni, akachochea moto, akaweka kigae juu ya mafiga. Hakumwita mkwewe, mke wa Théoneste, amsaidie. Hakuna anayekaanga maharage ya mbegu kwenye kilima kile, na harufu yake ilimfanya jirani achungulie juu ya ua na kurudi alikotoka. Mama alikoroga kwa mwiko, taratibu, pande zote. Yalipoanza kupasuka akatoa moja, akalibana kwa kucha, akaona katikati bado, akalirudisha motoni. Hakuepua mpaka yote yalipokuwa meusi.

Jumatano alishuka senta. Marcellin akayapima peke yake juu ya sahani ya shaba: gramu mia moja na themanini.

"Yalikuwa mia mbili," mama akasema. "Ishirini imeenda wapi?"

"Ni maji, Mama. Moto imeyatoa."

Akatikisa kichwa kukubali. Marcellin akaandika kwa Kifaransa, herufi kubwa, mstari wa kwanza kabisa juu ya kikapu na kitenge na shanga: maharage yaliyokaangwa, hayawezi kuota, gramu 180. Akafika kwenye thamani.

"Andika bure," mama akasema. "Sasa haina kazi."

"Kitabu hakikubali bure."

Akaandika makuta mawili, pesa ya wakati ule. Mama hakujua kusoma maneno, lakini tarakimu za sokoni alizijua.

"Ile ni bei ya mbegu," akasema.

"Njo ile," Marcellin akasema, akampa wino. Katika maisha yake yote ya kazi hiyo ndiyo thamani pekee aliyoiandika akijua kwamba si sahihi.

Lori lilikichukua Alhamisi. Tarehe kumi na tano Agosti misioni ilijaa watu wa sikukuu, na Nyiransabimana alikaa upande wa wanawake, nguo safi, macho mbele. Septemba haikuleta barua. Oktoba pia. Siku za soko alianza kupitia posta; alikaa benchini kidogo, akaangalia barabara, akachukua mzigo wake akaenda. Hakuuliza, na Marcellin hakumwambia kwamba amekwisha kujaza fomu ya kuulizia kifurushi na kuituma, na fomu hiyo nayo haijajibiwa. Kila Jumamosi alimwaga gunia la barua mezani kwa pupa ambayo Sidonie hakuwahi kuiona kwake, hata walipokuwa wachumba.

Februari 1969, Jumamosi, mkono wake ulikutana na umbo analolijua. Ncha ya mfuniko ilisukuma kitambaa. Hakukitoa kwenye gunia mara moja. Alikaa ameshika ncha ile. Kisha akakitoa.

Hakikuwa na wino mwekundu. Kitambaa kilikuwa kipya, stempu ni za Ubelgiji, na karatasi ya kijani ya forodha ilijazwa kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyefundishwa na masista. Mtumaji: Libérata. Mistari miwili tu ya vitu. Nyuma ilishikizwa bahasha yenye cheti cha kilimo cha mihuri mitatu. Muhuri wa kwanza ulikuwa wa Septemba na wa mwisho wa Novemba, na hapo ukimya wote ulijieleza. Marcellin alisoma karatasi, akasoma cheti, akasoma tena karatasi. Idadi ilikuwapo. Uzito ulikuwapo, kila kitu peke yake. Thamani ilikuwapo. Akakiweka kwenye mizani akajumlisha, na hesabu ikakaa sawa bila gramu moja kubaki. Katika miaka yake yote hakuwahi kupokea karatasi iliyojazwa vizuri namna ile.

Akatuma mtu kilimani. Jumatatu, siku ya soko, Nyiransabimana alikuja na matope mpaka magotini. Benchi lilikuwa na watu sita, na wote sita walikiona kikapu kupitia dirisha, na wote sita wakafikiri jambo moja. Papa Honoré alikuwa miongoni mwao. Mama akasimama mbele ya meza, akakitazama, akaweka mikono yake mikubwa pembeni mwa meza.

"Kimerudi tena," akasema.

Karani alitakiwa sasa asome kwa sauti. Benchi likangoja. Marcellin akakigeuza kifurushi mpaka karatasi ya kijani ikaelekea ukutani, akasukuma mkasi mbele ya mama.

"Fungua, Mama."

"Haunisomee?"

"Fungua mwenyewe."

Papa Honoré akainuka benchini, akawaambia wenzake kwamba jua limekuwa kali pale, na ingawa hakukuwa na jua wakamfuata.

Nyiransabimana akakata nyuzi. Akaondoa mfuniko. Hakutazama ndani, alitia mkono moja kwa moja hadi chini, kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya maji, na mkono ukakaa huko. Ulipotoka ulikuwa na harage moja, jeupe, kubwa kuliko ya Masisi. Akalitia mdomoni, akaling'ata kati kama wanawake wanavyong'ata maharage sokoni kabla ya kununua, akatoa nusu, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ndani lilikuwa bichi, na kale kachipukizi kadogo kalikuwa kamelala mahali pake.

"Hii itaota," akasema.

Marcellin akafungua daftari, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole. Mama hakuona. Alikuwa anahesabu majuma ya mvua kwa midomo, na kikapu kilikuwa kimeshafungwa ndani ya kitenge chake, kifuani.

"Na miye hata shamba sijalima," akasema, akauliza wino uko wapi.